Lengalenga Zisizojua Chini

Kasenga nzima ilimwita Kesho-Asubuhi, na tusimtetee, jina alilichuma mwenyewe. Ukimpelekea redio, "Njoo kesho asubuhi." Ukimpelekea feni, "Imebaki kufunga tu, mama, kesho asubuhi." Pasi, simu zilizoanguka majini, taa za jua, vyote vililala kwenye ateliye yake ya ufundi vikisubiri hiyo asubuhi ambayo haikuwa na haraka ya kufika. Jina lake hasa lilikuwa Pitchou, na kazi aliijua. Aliijua sana! Ila kutulia hakukujua. Angeanza kitu, akakiacha katikati, akarukia kingine, na hata akikaa miguu yake ilicheza chini ya meza. Mkewe Noella alisema anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, tena kuku asiyetaga.

Kwa hiyo Madamu Florentine, mwalimu wa biolojia, alipoingia pale na daftari kwapani akitaka mashine ya kuzunguka siku saba bila kusimama, fundi cherehani wa jirani alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

"Izunguke ju ya kufanya nini?" Pitchou aliuliza.

"Ju ya kudanganya mimea," Madamu akajibu.

Akamweleza, na alieleza vizuri, maana ndiyo kazi yake. Kule juu, ndani ya chombo kinachozunguka dunia, vitu havina uzito. Maji hayaanguki. Ukimwagilia mmea, maji yanaukumbatia mzizi na shina kama tope zito, na mmea unakosa hewa, unakufa. Ndiyo maana watu wa safari za anga walikuwa wametangaza shindano kwa shule: nani atabuni kifaa kidogo cha kuoteshea mboga mahali kama pale? Vifaa vitatu vitachaguliwa, vitengenezwe upya kwa ustadi, virushwe kweli kweli.

Madamu alikuwa na chake. Mfuko mdogo wa plastiki nyeusi, ndani yake matofali ya kuchoma yaliyopondwa mpaka yakawa kama mchele uliovunjika, na mbele yake kitambaa cha pamba. Vile vitundu vya tofali vinakunywa maji, nafasi kati ya punje zinabakiza hewa, na mizizi inatambaa juu ya kitambaa ikila na kupumua. Matofali alikuwa ameyaokota mwenyewe nyuma ya shule.

"Shida ni kwamba Kasenga hakuna mahali pasipo uzito," alisema. "Lakini ukilaza mche na kuuzungusha polepole, kila dakika chini inakuwa upande mwingine. Muzizi unatafuta chini, hauioni, unachoka, unaenda tu mbele. Siku saba, Pitchou. Ikisimama hata saa moja, muzizi unajua chini iko wapi, na jaribio limekufa. Fomu inaondoka Jumamosi ya wiki ijayo jioni. Nafasi ya kurudilia hakuna."

Pitchou alikuna kichwa. Kichwani mwake mashine ilikuwa imeshaanza kuzunguka.

"Na ukiniambia kesho asubuhi," Madamu akaongeza, "ninaenda kwa muntu mwingine."

Basi mtu yule alifanya jambo ambalo Kasenga haikuwahi kuliona: alianza kitu na akakimaliza. Alichukua rimu ya baiskeli, akaisimamisha kwenye chuma. Alichomoa moteri ndogo inayozungusha sahani ndani ya mikrowevu iliyokufa, akaiunga na rimu kwa kamba ya raba mpaka gurudumu likazunguka mara moja kwa dakika mbili, taratibu, bila kelele, ukilitazama haraka unadhani limesimama. Umeme ulitoka kwenye batri ya gari iliyokuwa inakula jua kupitia pano la sola juu ya bati. Mifuko sita ikafungwa kuzunguka rimu, miche ikielekea taa mbele, mizizi nyuma gizani.

Mbegu zilitoka ng'ambo ya barabara. Pale alikaa Mama Pudentienne, muuza mboga, na lengalenga zake, yaani mchicha, ambazo mbegu zake alizileta toka Luberizi alipoolewa, akazitunza miaka yote kwenye chupa ya dawa. Alipoambiwa mboga zake huenda zikapanda angani, aliangalia juu, akaangalia Pitchou, akasema, "Kama kuko masika huko, sawa." Akamimina mbegu kiganjani mwa Madamu. Mama huyo na bintiye ndio watu pekee wa avenue ile waliomwita Pitchou kwa jina lake. Na redio yake, Mungu atusamehe, ilikuwa kwenye rafu ya Pitchou tangu Januari.

Gurudumu lilianza kuzunguka Jumamosi asubuhi. Jumapili lilizunguka. Pitchou alitoka kanisani kabla ya baraka ili akaliangalie. Jumatatu lilizunguka, na siku hiyo Mama Pudentienne, aliyekuwa akikohoa wiki mbili bila kumwambia mtu, alifariki. Mazishi yakapangwa Jumatano.

Hapa lazima niwaambie habari ya swichi, la sivyo mtamhukumu huyu mtu bure. Kwetu maiti ikipita barabarani kila kitu kinanyamaza. Fundi cherehani anatoa mguu kwenye pedali, mchomeleaji anazima moto wake, muziki unakatwa, watu wanasimama. Miaka kadhaa nyuma, jeneza la katekista lilipita mbele ya ateliye wakati redio ya mteja mmoja ilikuwa inapiga dansi kwenye rafu, na Pitchou akawa anahangaika kutafuta kitufe huku mwimbaji anaendelea kuita watu wakate kiuno. Alitukanwa mwezi mzima. Baada ya aibu ile alivuta nyaya zote za ateliye kwenye swichi moja kando ya mlango. Ukiipiga mara moja, kila kitu kinakufa. Aliionea fahari kuliko redio zote alizowahi kutengeneza.

Jumatano saa nne asubuhi nyimbo zikasikika toka juu ya avenue. Mama Pudentienne anakuja, mabegani mwa vijana wa parokia. Pitchou akasimama, akavua kofia, mkono ukaenda mlangoni wenyewe, bila kuuliza kichwa. Tak. Feni ya majaribio ikanyamaza, redio ikanyamaza, taa ikazimika. Mmoja wa wabebaji alikuwa anayumba, Pitchou akaenda akamshika, akaingiza bega lake chini ya jeneza, akaenda.

Akaenda, jamani! Akapanda na wenzake njia ya makaburini, jasho likimtiririka, akiimba.

Alikumbuka wakati kaburi liko wazi. Walikuwa wameshika kamba wanamshusha, na mtu mmoja akasema, "Polepole, polepole, iko inazunguka," maana jeneza lilikuwa limeanza kugeuka kidogo. Neno hilo la mwisho likamwingia Pitchou. Gurudumu! Alitaka kuachia kamba. Unaachiaje kamba? Akashika, akashusha, akapewa koleo, akatupa udongo kwa kasi mpaka mzee mmoja wa parokia akamwambia, "Kijana, marehemu hakimbii." Sala zilikuwa ndefu. Hotuba ya chama cha akina mama ilikuwa ndefu kuliko sala. Alisimama pale akibadilisha mguu huu na mguu huu, ziwa likimeremeta chini kule, na pikipiki hata moja hakuna.

Alipofika ateliye, alikuwa amekimbia toka mtelemko wa mwisho. Gurudumu limesimama kimya kama ng'ombe aliyelala. Alitazama simu yake: masaa manne na dakika ishirini. Akapiga swichi. Gurudumu likaanza tena, polepole, kana kwamba halikuwahi kufanya lolote.

Jioni Madamu Florentine akapitia toka shuleni. Vumbi la chaki bado liko mikononi.

"Pitchou, iko inazunguka?"

"Iko inazunguka, Madamu."

Na ilikuwa inazunguka kweli, hamwezi kusema alidanganya. Lakini yeye mwenyewe alijua, na uso wake ulipata moto.

"Minye nilijua utaweza," Madamu akasema. "Wenzangu wote shuleni walinicheka. Kesho nitawaambia." Akaenda zake akiimba wimbo wa mazishi bila kujitambua.

Usiniulize jinsi Alhamisi ilivyopita. Alifungua redio tatu, hakufunga hata moja. Alikwenda kunywa chai, akaacha chai, akarudi, akaangalia mifuko. Miche ilikuwa imetoa majani mawili mawili, mekundu kwa chini, mazuri ajabu, yameelekea taa kama watoto wa shule mbele ya bendera. Mizizi ilikuwa ndani ya plastiki nyeusi, haionekani. Labda haikugundua, alijiambia. Mmea hauna saa. Mmea hauna simu.

Noella alimwangalia akizunguka sahani ya ugali bila kuula.

"Baba Chance," akamwita kwa jina la mtoto wao, "ni nini iko inakula weye?"

Akamwambia. Noella alisikiliza yote, hakucheka, na hilo lilimwogopesha Pitchou kuliko kicheko.

"Kamuambie Madamu."

"Nitamuambia."

"Lini?"

Pitchou akafungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa lile lile la siku zote. "Kesho asubuhi."

Noella akaondoa sahani.

Ijumaa asubuhi alikwenda mpaka kwenye geti la shule, akasikia sauti ya Madamu ikiwafundisha watoto habari ya gurudumu, sauti imejaa furaha, akageuka. Moyo ulimuuma, lakini miguu ilikuwa na haraka zaidi ya moyo.

Jumamosi ikafika, maana siku haiahirishwi. Siku saba kamili. Madamu alikuja na fomu, kalamu mbili na rula, amevaa nguo ya sherehe. Walizima gurudumu, wakatoa mifuko sita, wakailaza mezani. Akachana plastiki nyeusi kwa mkasi wa kucha, taratibu, kama anayefungua jeraha.

Mizizi ilikuwepo, myeupe, mizuri, haijaoza hata mmoja. Tofali lilikuwa limefanya kazi yake! Madamu alipiga kofi moja la furaha. Halafu akainama karibu.

"Hii nini?"

Kila mzizi ulikuwa umekwenda mbele vizuri, kisha, mahali pale pale, ukapinda kama kiwiko, halafu ukaendelea kwenda upande mpya. Katika mfuko wa kwanza ulipindia kushoto. Wa pili, kulia. Wa tatu, kuelekea katikati ya gurudumu. Madamu aliguna, akapima kwa rula, hakuelewa. Akairudisha mifuko kwenye rimu, kila mmoja mahali pake, akaanza kuligeuza gurudumu kwa mkono, kidogo kidogo, akitazama. Na ghafla, gurudumu likiwa mahali pamoja tu, mizizi yote ya mifuko yote sita ikawa imepindia upande mmoja. Chini. Kwenye sakafu.

Madamu aliachia rimu.

"Ilisimama," alisema. "Pitchou. Siku gani?"

Pitchou alitamani swichi nyingine, ya kumzimia yeye. "Jumatano, Madamu. Maiti ilipita. Mukono ulipiga swichi, na minye nikaenda kuzika. Masaa manne na dakika ishirini."

"Jumatano! Na jioni ile nilikuuliza!"

"Uliniuliza."

"Ungeniambia jioni ile ningeandika kwao, ningeomba hata siku mbili! Weye muntu! Nyaya zote za dunia hii, ulishindwa kuacha moja?" Alipiga meza, na skrubu za redio tatu zikaruka. "Walinicheka, Pitchou, na walikuwa na haki."

Pitchou alizitazama skrubu sakafuni. Aliona aibu mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe miguu yake ilikuwa imetulia kabisa.

Madamu alikaa kwenye kiti cha wateja, akaishika fomu. Akaisoma muda mrefu. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Wanaomba picha ya majani," alisema. "Picha ya mizizi, wanasema, ukipenda. Halafu kuko swali moja. Mashine ilisimama? Ndiyo, hapana." Alitazama majani. "Majani haya hayawezi kusema kitu."

Pitchou alimwelewa. Na niseme ukweli, moyo wake uliruka kwa furaha. Mstari mmoja tu pale kwenye "hapana," na yote yameisha, hakuna aliyekosa, hakuna aliyechelewa. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Madamu.

"Hodi."

Alikuwa Fanny, binti wa Mama Pudentienne, kitenge cheusi kichwani. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kushukuru waliobeba, kama inavyotakiwa baada ya mazishi. Akampa Pitchou mkono, huku mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

"Kaka Pitchou, asante kwa mama. Alikuwa muzito." Akatabasamu kidogo. "Na asante kwa kuzima. Kule juu kuna bantu walipunguza tu muziki. Tulipofika hapa, ateliye yote kimya, na weye ukaacha kazi ukaingia chini ya sanduku. Nililia pale."

Pitchou akasema "Karibu" kwa sauti isiyosikika. Madamu Florentine alikuwa ameinamisha kichwa.

Fanny akaona gurudumu. "Hizi njo lengalenga za mama? Zile za kwenda mbinguni?" Akasogea, akachuchumaa. Gurudumu lilikuwa bado pale Madamu alipoliachia. "Mbona zote zinaangalia chini?"

Madamu akamtazama Pitchou. Kisha Pitchou akasema, maana akiliacha la kesho asubuhi tena atakufa nalo: "Ilikuwa imesimama saa ile, Fanny. Nilizima yote, na hii pia. Ilisimama toka tulipomubeba hapa mupaka tulipomaliza kumufunika. Njo hapo mizizi iligeuka."

Fanny alitazama mzizi mmoja, akatazama mwingine, wote. Hakugusa. Akacheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko.

"Mama," alisema, "hata mboga zako zilikuja kukuzika."

Akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaaga, akaenda nyumba inayofuata.

Madamu Florentine alimsindikiza kwa macho mpaka nyumba ya jirani. Kisha akavuta fomu, akaandika kwa nguvu kiasi kwamba kalamu ilitoboa karatasi. Akamsomea Pitchou, kwa sauti ile ya darasani:

"Mashine ilisimama? Ndiyo. Muda gani? Masaa manne na dakika ishirini. Sababu? Tulikwenda kumzika mwenye mbegu." Akamtazama. "Piga picha ya mizizi. Yote. Sasa hivi."

Pitchou akaipiga, mfuko kwa mfuko.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, mistari mitano. Hapana. Tofali walilisifu, lakini siku saba ni siku saba, na nafasi zote tatu zimepata wenyewe. Madamu alimsomea Pitchou ateliye, na aliposoma mstari wa mwisho alilia, mtu mzima, mbele ya wateja, na Pitchou akakosa pa kuweka mikono yake. Aliumia. Alijua nani amemliza.

Jumatatu iliyofuata Madamu alimkuta Pitchou juu ya ngazi, akipitisha waya mpya kandokando ya ukuta, peke yake, mbali na zingine, toka kwenye batri moja kwa moja mpaka kwenye gurudumu. Mezani kulikuwa na chupa ya dawa, Fanny ameileta, na ndani yake mbegu.

"Shindano la mwaka kesho linafunguliwa mwezi wa kumi," Pitchou alisema toka juu. "Lakini tunajaribu sasa. Leo."

Madamu aliutazama ule waya ulivyopita mbali na swichi.

"Na maiti ikipita?"

"Nitazima vyote." Akashuka ngazi moja. "Hii moja nitaiombea ruhusa. Nitasimama mulangoni niikinge, marehemu asiione."

Madamu hakucheka, lakini alivua mkoba begani na kukunja mikono ya blauzi. Kwenye rafu redio ya Mama Pudentienne, ambayo Pitchou alikuwa ameimaliza siku ya Jumapili, ilikuwa inasoma habari.